Elimu ya Jinsia Mashuleni: Tuipime kwa Mizani Gani?



Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia mama mmoja wa Jumuiya yetu, akasimama kando ya mlango wa msikiti akiwa ameinamisha kichwa. Binti yake, mwanafunzi wa shule ya serikali hapa mjini, alikuwa ameshika mimba. Mama yule hakuja kuomba fedha, wala hakuja kumshitaki mtu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, kosa ni la shule kwa kuwa ilimfundisha binti yake mambo ya mwili mapema mno, au ni kosa la shule kwa kuwa haikumfundisha ya kutosha? Nami nikamwuliza, "Na wewe, mama, ulimwambia nini?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Sikumwambia kitu, Sheikh. Niliona haya."

Jibu lile halijanitoka moyoni hata leo. Maana nilipojichunguza niliona kwamba mimi nami, niliyekuwa nikihutubia kila wiki juu ya usafi wa moyo, sikupata kutamka mimbarini neno moja ambalo lingalimsaidia binti yule. Nilikuwa nimemkataza jambo ambalo sikuwahi kumweleza. Makala hii imetokana na jibu la mama yule, na sehemu yake kubwa ni deni langu mwenyewe.

MAKUNDI MAWILI

Katika miji yetu swali hili limewagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza husema: vijana wafundishwe yote, kwa sababu ujinga ndio uletao mimba za utotoni na maradhi. Kundi la pili husema: wasifundishwe lolote, kwa sababu kumfundisha mtoto mambo hayo ni kumwamsha aliyelala. Wewe uliyeingia karibuni katika Islam, au unayeichunguza dini hii kabla ya kukata shauri, pengine umekwisha ulizwa na jamaa zako: "Ninyi Waislamu mko kundi gani?"

Naona si lazima Muislamu ajitie katika kundi lolote kabla hajapima. Mwenyezi Mungu ametuamuru tusimamishe mizani kwa haki, na mizani ya haki haiegemei upande wa rafiki zetu. Basi na tupime, ndugu msomaji, tuone: je, dini inakataza elimu hii? Mashule yanafundisha nini hasa? Na mafundisho hayo yamezaa matunda gani?

JE, HAYA NI KUNYAMAZA?

Hapana shaka kwamba haya ni jambo kubwa katika Islam. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba haya ni tawi mojawapo la imani. Lakini wengi wetu tumelichukua neno hili tukalitumia mahali pasipo pake. Haya ya kweli ni kuona aibu kutenda ovu mbele ya Mungu aonaye. Kuona aibu kuuliza lililo kweli si haya, bali ni woga uliovaa nguo za haya.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Bibi Ummu Sulaim r.a. alimwendea Mtume s.a.w., akatanguliza kusema kwamba Mungu haoni haya katika jambo la haki, kisha akamwuliza kama inampasa mwanamke kuoga anapoota ndoto ya kutokwa na manii. Mtume s.a.w. hakumkemea wala hakugeuza uso, bali alimjibu wazi. Naye Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansar kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Tazama, basi! Wanawake waliosifiwa kwa haya yao ndio hao hao waliosifiwa kwa kuuliza.

Kurani Tukufu yenyewe yatufundisha njia hiyo. Yaeleza jinsi mwanadamu anavyoumbwa tumboni mwa mama, hatua kwa hatua (23:13-15). Yaeleza hukumu ya hedhi (2:223). Tena yatoa mpango wa malezi nyumbani: watoto ambao bado hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia chumbani mwa wakubwa katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha, na wanapofikia kubaleghe waombe ruhusa nyakati zote (24:59-60). Ifikirie amri hii. Mzazi hawezi kuitimiza pasipo kumwambia mtoto mdogo kwamba kuna faragha, na pasipo kumwambia mtoto anayebaleghe kwamba hali yake sasa imebadilika. Kwa hiyo karne kumi na nne zilizopita Kurani Tukufu ilikwisha amuru elimu itolewe nyumbani kwa kufuata umri.

Tena iko Sura Yusuf. Humo yasimuliwa habari ya kijana aliyefungiwa milango na mke wa bwana wake na kutakiwa dhambi (12:24). Sura hiyo husomwa misikitini mbele ya wazee na watoto, waume kwa wake, wala haiharibu adabu. Sababu ni kwamba kishawishi kimetajwa wazi, lakini hakikupambwa. Humo hamna neno chafu wala maelezo ya kuamsha tamaa. Basi twapata kanuni mbili kwa pamoja: ukweli usifichwe, na ulimi usichafuke.

Wazee wetu wa pwani nao walilijua jambo hili. Walisema, "Mficha uchi hazai." Binti alipokaribia kuvunja ungo alipewa somo wake au kungwi, na mvulana alikuwa na mwalimu wake wa jando. Sisemi kwamba yote yaliyofundishwa katika unyago na jando yalikuwa mema. Mengine Islam haiyakubali hata kidogo. Lakini wazee wale walitambua kwamba mtoto anayekaribia utu uzima apaswa kuwa na mtu maalumu wa kumwambia. Mjini leo mtu huyo hayupo. Bibi amebaki kijijini, somo amesahauliwa, baba hutoka kabla ya alfajiri na kurudi usiku, na mtoto amebaki na simu mkononi. Kuna methali isemayo, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Zamani mtoto alipaswa kutoka nyumbani ili akutane na ulimwengu huo. Leo ulimwengu humjia kitandani.

MASHULE YANAFUNDISHA NINI?

Elimu ya jinsia mashuleni si jambo la jana. Nchi ya Sweden iliifanya kuwa lazima tangu mwaka 1955. Mwaka 2009 shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wake kwa mataifa, likautengeneza upya mwaka 2018. Mwongozo huo una mada kuu nane na waanzia umri wa miaka mitano. Huko Cape Town, mwezi Desemba 2013, mawaziri wa afya na wa elimu wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, walitoa ahadi ya pamoja ya kuwapatia vijana elimu hii. Hata hivyo ubishi haukuisha. Uganda iliisimamisha mwaka 2016, kisha mwaka 2018 ikatoa mwongozo wake yenyewe, nao viongozi wengi wa dini wakaupinga.

Anayetaka kuwa mwadilifu hana budi kuyatenga mafundisho haya, maana hayako namna moja.

Yako ambayo Muislamu hana ugomvi nayo. Mtoto afundishwe majina ya viungo vyake na kazi yake. Afundishwe kwamba hapana mtu, hata awe mjomba au mwalimu, aliye na haki ya kumgusa vibaya, na kwamba akiguswa aseme. Msichana aelezwe hedhi kabla haijamfika, asije akadhani amepatwa na ugonjwa. Mvulana aelezwe kwamba ndoto za usiku ni dalili ya kubaleghe na zampasa kuoga. Wote waelezwe jinsi UKIMWI na magonjwa ya zinaa yanavyoambukiza. Mambo haya ni ilimu, nayo ilimu ni haki ya mtoto. Anayemnyima amedhulumu.

Lakini liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika programu nyingi za namna hii kipimo cha tendo la mwanamume na mwanamke ni viwili tu: je, wote wawili wameridhia? Je, wamejikinga na madhara? Vikipatikana viwili hivyo, mwalimu hana la kusema zaidi. Sisi twakubali kwamba ridhaa ni sharti na kwamba kulazimisha ni dhuluma kubwa. Lakini twasema kwamba ridhaa ni mlango tu, wala si nyumba nzima. Islam yaongeza maswali mengine: Je, mmefungamana mbele ya Mungu na mbele ya watu? Mtoto akizaliwa, baba yake atajulikana na kuwajibika? Mmekuwa vazi kila mmoja kwa mwenziwe, kama Kurani Tukufu inavyowaita mume na mke (2:188), au mmoja amekuwa kitambaa cha kufutia mikono kisha kikatupwa? Elimu isiyouliza maswali haya si mbaya kwa kila inalosema, bali ina upungufu katika lile inaloliacha.

MATUNDA YAKE

Nabii Isa a.s. alifundisha kwamba mti hujulikana kwa matunda yake. Wataalamu nao wamejaribu kupima matunda ya elimu hii, na yafaa tuwasikilize kwa unyofu, tukiwa tayari kusikia hata lile tusilolipenda.

Mwaka 2017 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari za Nairobi, Mombasa na Homa Bay na taasisi ya Guttmacher ya Marekani ikishirikiana na kituo cha utafiti cha Nairobi. Kati ya walimu wanne, watatu walisema kwamba wanafundisha mada zote za elimu kamili ya jinsia. Lakini wanafunzi waliosema kwamba wamejifunza mada zote hizo walikuwa 2 tu katika kila 100. Ndugu msomaji, tumekuwa tukigombana juu ya somo ambalo kwa sehemu kubwa halijafundishwa! Mmoja alilaani na mwingine akasifu, ilhali mtoto hakupata hili wala lile.

Labda utauliza: na pale lilipofundishwa sawasawa? Huko Mwanza, Tanzania, tangu mwisho wa miaka ya 1990, uliendeshwa mpango mkubwa ulioitwa MEMA kwa Vijana, katika shule za msingi za vijijini pamoja na zahanati zake. Walimu walifunzwa, vijana wakafundishwa, kisha damu zao zikapimwa na kulinganishwa na za vijana wa sehemu ambazo hazikupata mpango huo. Ikaonekana kwamba ujuzi wao uliongezeka, na uliendelea kuonekana hata baada ya miaka kadhaa. Lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio manane ya namna hiyo kutoka Afrika, Ulaya na Chile, yenye vijana zaidi ya elfu hamsini na tano. Wakaona kwamba masomo ya darasani peke yake hayakuonyesha dalili ya kupunguza maradhi wala mimba.

Hapo kundi la pili litapiga vigelegele. La hasha! Wangoje kidogo. Serikali ya Marekani nayo ilitumia fedha nyingi kwa programu za kuwafundisha vijana kujizuia tu mpaka ndoa. Bunge la nchi hiyo likaagiza zipimwe, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Vijana waliofundishwa na wale wasiofundishwa hawakutofautiana: idadi ya waliojizuia ilikuwa moja, na umri wa kuanza tendo hilo ulikuwa ule ule. Basi anayetegemea kukataza peke yake hana cha kujivunia mbele ya anayetegemea kueleza peke yake.

Hata hivyo hatukuachwa gizani kabisa. Mwaka 2010 zilitolewa habari za jaribio katika shule za serikali za mjini huko huko Marekani, kwa watoto weusi 662 wa darasa la sita na la saba. Kundi moja lilifundishwa faida za kusubiri. Halikutishwa, halikudanganywa juu ya kinga, na lilizoezwa jinsi ya kukataa. Baada ya miaka miwili, walioanza tendo hilo walikuwa kama theluthi moja tu, ilhali katika kundi lililofundishwa habari za afya kwa jumla walikaribia nusu. Na katika shule za magharibi mwa Kenya mtaalamu Pascaline Dupas aliona kwamba wasichana walipoambiwa ukweli mmoja tu, yaani kwamba wanaume wenye umri mkubwa ndio wenye maambukizo mengi zaidi kuliko wavulana wa rika lao, mimba zilipungua kwa zaidi ya robo. Tena katika sehemu hizo hizo ilionekana kwamba msichana aliyepewa sare ya shule bure alidumu zaidi shuleni, na mimba zikapungua, hata pasipo somo lolote la jinsia.

Yatupasa tuyatafakari haya. Ukweli uliosemwa wazi ulifaa. Sababu ya kusubiri, ikielezwa pasipo vitisho, ilifaa. Na tumaini la kesho, hata likija kwa sura ya sare ya shule, lilifaa. Kilichoshindwa ni maneno matupu, yawe ya ruhusa au ya katazo.

KINACHOKOSEKANA

Kwa nini ujuzi uongezeke na mwenendo usibadilike? Swali hili lilikwisha jibiwa zamani. Mwezi Desemba 1896 ulifanyika Lahore mkutano mkuu wa dini, ambamo ilisomwa hotuba ya Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ambayo leo twaijua kama Falsafa ya Mafundisho ya Islam. Humo alieleza kwamba mwanadamu ana hali tatu: ya maumbile, ya uadilifu na ya kiroho. Tamaa zetu ni za maumbile, na kwa asili yake tamaa si dhambi. Zinapoongozwa na akili na kutumiwa mahali pake na kwa wakati wake, ndipo huwa uadilifu. Asiyetenda ovu kwa sababu tu hajapata nafasi, au kwa sababu bado ni mtoto, hawezi kusifiwa kwa usafi. Asifiwaye ni yule aliye na uwezo na nafasi, naye akajizuia.

Kwa kufuata Kurani Tukufu akaeleza pia tiba: kuzuia macho na masikio yasifuate yale yaamshayo tamaa, kuepuka mahali na nyakati za hatari, na kwa yule asiyeweza kuoa bado, kufunga saumu na kuizoeza nafsi. Ndiyo maana Kurani Tukufu haikutosheka kusema tusizini, bali ilituamuru tusiikaribie zinaa (17:33), na ikawaamuru waumini wanaume kwanza, kisha wanawake, kuinamisha macho yao (24:31-32). Kwa hiyo ulinzi waanza njiani, wala haungoji mtu afike mlangoni.

Sasa tazama tofauti. Somo la darasani humweleza kijana lililo mbele yake, kama taa ionyeshavyo shimo. Lakini taa haimshiki mtu mkono. Aliyechoka, mwenye njaa, au anayevutwa na mwenziwe aweza kutumbukia katika shimo analoliona kwa macho yake. Kinachotakiwa ni nguvu ya nafsi, na nguvu hiyo haipatikani katika kipindi cha dakika arobaini.

Ipo hadithi moja ambayo kwangu ndiyo kipimo cha mambo haya yote. Kijana mmoja alimjia Mtume s.a.w. akamwomba ampe ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwapo wakamkemea. Mtume s.a.w. akamwambia asogee karibu, akaketi. Akamwuliza: Je, ungependa jambo hilo litendwe kwa mama yako? Kijana akajibu kwamba asingependa kamwe. Akamwuliza vivyo hivyo juu ya binti yake, dada yake na shangazi yake, naye kila mara akakataa. Na kila mara Mtume s.a.w. akamwonyesha kwamba watu wengine nao hawapendi litendwe kwa jamaa zao. Kisha akaweka mkono wake juu ya kijana yule, akamwombea asamehewe dhambi zake, moyo wake utakaswe na heshima yake ihifadhiwe. Yasimuliwa kwamba tangu siku ile hakulielekea tena jambo lile.

Ndugu msomaji, hapa pana mizani yenye vipimo vinne. Kwanza, kijana aliruhusiwa kusema lililomo moyoni mwake, na aliyesema kweli hakufukuzwa. Pili, alisogezwa karibu. Tatu, alipewa sababu ya kufikirisha, na sababu hiyo haikuwa madhara yatakayompata yeye, bali haki ya yule mwingine. Nne, aliwekewa mkono akaombewa. Pima kwa vipimo hivi kila programu ya shule. Nyingi zina kipimo cha kwanza, na katika hilo zimetushinda sisi tunaokemea. Chache zina cha tatu. Cha pili na cha nne ni vigumu kupatikana katika darasa lenye watoto themanini, kwa mwalimu anayehesabu dakika. Tena zisipimwe programu peke yake. Jipime na wewe, nami nijipime.

JE, KUSEMA UKWELI NI KURUHUSU?

Limebaki swali gumu, nami sipendi kulikwepa. Wako vijana ambao hawatasikia. Je, nao waambiwe habari za kinga? Anayewaambia hajawapa ruhusa ya zinaa? Na anayewaficha hajawaacha wafe?

Nimesikia watu wa dini wakiwaambia vijana kwamba kondomu hazizuii chochote, ati zimejaa vitundu ambamo virusi hupita. Hayo si kweli. Kondomu ikitumiwa sawasawa hupunguza sana hatari ya kuambukizwa, ingawa haiiondoi kabisa. Yatupasa kujua kwamba uongo ni dhambi hata ukisemwa kwa nia ya kulinda usafi. Siku kijana atakapogundua kwamba tulimdanganya katika jambo la afya, hatatuamini tena katika jambo la Mungu.

Mfano bora watoka katika Kurani Tukufu. Ilipozungumza juu ya ulevi na kamari haikusema kwamba havina faida yoyote. Ilikiri kwamba vina faida fulani kwa watu, kisha ikasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake (2:220). Mungu hakuhitaji kuficha sehemu ya ukweli ili katazo lake liwe na nguvu. Basi kwa nini sisi tuhitaji?

Kwa hiyo naona hivi. Kijana anayekaribia utu uzima aelezwe ukweli wote juu ya maradhi, mimba na kinga, kwa umri wake na kwa lugha safi. Pamoja na ukweli huo aelezwe wazi kwamba kinga yaweza kuzuia ugonjwa wa mwili, lakini haizuii kuvunjwa kwa ahadi, wala haimrudishii msichana amani iliyochukuliwa, wala haiondoi hesabu mbele ya Mungu. Lakini sikubaliani na wale watakao shule igawe vitu hivyo kwa watoto kama igawavyo madaftari. Kueleza ni kazi ya mwalimu. Kumkabidhi mtoto chombo huku umenyamaza juu ya tendo lenyewe ni kumwambia kwa vitendo kwamba twamtarajia aanguke. Najua wako wenye huruma watakaonipinga hapa, kwa hofu ya maisha ya vijana. Hofu yao naiheshimu. Lakini mgonjwa na apelekwe kwa mganga wa zahanati, ambaye atamwona mmoja mmoja na kumshauri, wala lisitangazwe darasani kwa wote kana kwamba wote ni wagonjwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusome kabla ya kuhukumu. Mzazi aombe kitabu anachosomeshwa mtoto wake, akisome ukurasa kwa ukurasa. Palipo na jema, alishukuru. Palipo na kosa, amwendee mwalimu kwa adabu na hoja, si kwa kelele za barabarani.

Pili, tuseme nyumbani. Mama azungumze na binti yake, na baba na mwanawe, kabla ya kubaleghe na si baada ya msiba. Asiyejua la kusema aanze na yale ambayo Mtume s.a.w. aliyafundisha juu ya kuoga, twahara na faragha. Fikihi yetu yenyewe ni mlango ulio wazi wa mazungumzo haya. Mzazi mpweke, au yule ambaye ndimi zake zimefungwa kabisa, amwombe shangazi au mjomba mwaminifu. Na akina mama wa Lajna Imaillah na vijana wa Khuddamul Ahmadiyya wachukue kazi ya somo na mwalimu wa jando, wakiacha yale mabaya ya zamani na kushika lile jema.

Tatu, sisi wenye mimbari tutubie ukimya wetu.

Nne, aliyeanguka asitupwe. Kenya iliweka tangu mwaka 1994 utaratibu wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua, na Tanzania ilifungua mlango huo mwezi Novemba 2021. Wako waliolalamika kwamba huko ni kuhalalisha uovu. Lakini Kurani Tukufu imefungua mlango wa toba kwa kila mwenye dhambi, basi shule iwe na mlango mwembamba kuliko ule wa Mungu? Tena tukumbuke kwamba kila mimba ina mwanamume wake, ambaye mara nyingi huendelea na masomo au kazi bila mtu kumwuliza. Amri ya kuinamisha macho ilianza na wanaume. Na lawama nayo ianze huko huko.

Mama yule niliyemtaja mwanzo alirudi kwangu baada ya miezi mingi. Binti yake alikuwa amejifungua salama. Alikuwa na binti wa pili, mwenye umri wa miaka kumi, naye akaniambia kwamba sasa kila siku ya Jumamosi, wanapopika pamoja, huzungumza naye. "Siku ya kwanza, Sheikh, mikono ilinitetemeka mpaka nikamwaga mchele," akasema. "Lakini yeye aliniuliza maswali matatu, nami nikayajibu yote." Sikuwa na jibu jingine juu ya swali lake la zamani, kama kosa lilikuwa la shule au la. Nilimwambia tu kwamba mchele ule uliomwagika Mwenyezi Mungu hataupoteza.

Basi, ndugu msomaji, watu wakikuuliza sisi tuko kundi gani, waambie kwamba sisi twataka mtoto aambiwe kweli, na aambiwe na mtu anayempenda na anayesimama karibu naye. Shule ikisaidia, tutaishukuru. Isiposaidia, kazi bado ni yetu, kwa maana Mungu alituamuru tujiokoe nafsi zetu na watu wa nyumba zetu na Moto (66:7), wala hakuiweka amana hiyo mikononi mwa wizara yoyote.

Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu kwa lililo jema, ayasafishe macho yetu, awahifadhi watoto wetu waume kwa wake, na awarudishe kwa rehema yake wale waliopotea njia. Amin.